Udoni Haungoji Mtu



Katika mji wa Sakaide, kwenye kisiwa cha Shikoku nchini Japani, kuna kiwanda kidogo cha tambi kiitwacho Hinode. Kazi yake hasa ni kutengeneza tambi za kupelekwa madukani na kwenye migahawa. Lakini mnamo saa tano na nusu asubuhi hufunguliwa mlango kwa wanaotaka kula palepale, na ikifika saa sita na nusu mchana mlango hufungwa. Ni muda wa saa moja tu. Ndani ya saa hiyo foleni inakuwa imefika barabarani, na humo utamkuta fundi wa magari wa mtaa wa pili na mgeni aliyepanda treni tangu alfajiri kutoka Osaka, wote wanangoja bakuli moja la tambi nyeupe, nene, zinazoteleza.

Ni haki kuuliza: watu wote hawa wapo, pesa zao mkononi, kwa nini mlango usiachwe wazi mpaka jioni? Ndilo jambo ninalotaka tulizungumze leo. Tambi hizi huitwa udoni, na udoni wa huko huitwa udoni wa Sanuki, kwa jina la kale la mkoa ambao leo unaitwa Kagawa. Zikishatoka jikoni, dakika zake ni za kuhesabu. Tambi iliyokuwa na uimara na mng'ao ikikaa robo saa kwenye bakuli hunywa mchuzi, hulegea, huvimba, na ule uzuri uliomtoa mtu Osaka unakuwa umekwenda zake. Sisi tumelelewa na msemo wa haraka haraka haina baraka. Mbele ya bakuli la udoni, haraka ndiyo yenye baraka, na mkoa mzima umejipanga kuifuata: saa za kufungua, ukubwa wa vijiduka, bei, hata namna watu wanavyosimama na kuketi.

Kagawa ndio mkoa mdogo kuliko yote 47 ya Japani. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,900 hivi, na wakazi hawafiki milioni moja. Umelala kaskazini mashariki mwa Shikoku, ukitazama Bahari ya Ndani ya Seto, bahari tulivu iliyojaa visiwa vidogo. Kusini kuna safu ya milima. Ng'ambo ya bahari, upande wa kaskazini, kuna safu nyingine. Mawingu ya kiangazi yanayotoka bahari kuu humwaga mvua kabla hayajafika, na ya baridi yanayotoka upande wa pili hufanya vivyo hivyo. Kagawa inabaki katikati na ukame wake. Mji mkuu, Takamatsu, hupata milimita 1,100 na ushei za mvua kwa mwaka, wakati wastani wa Japani unazidi 1,600. Mito ni mifupi na hukauka upesi.

Nchi ya namna hiyo ingewezaje kulima mpunga? Watu wake walichimba mabwawa. Hadi leo mkoa huo mdogo una mabwawa ya umwagiliaji zaidi ya 12,000, mengine madogo kama ua wa nyumba. Kubwa kuliko yote ni Bwawa la Manno, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya nane, kati ya 701 na 704. Tuta lake lilibomoka, na mwaka 821 alitumwa mtawa Kūkai kulisimamia lijengwe upya. Huyu Kūkai alizaliwa papo hapo Sanuki mwaka 774, akaenda China mwaka 804 kusoma dini, akarudi na kuanzisha madhehebu ya Shingon ya Kibudha. Wenyeji husimulia kwamba ndiye aliyerudi na ufundi wa kutengeneza udoni. Hiyo ni hekaya, na ichukuliwe kama hekaya. Lakini naona jinsi ilivyozaliwa: mtu aliyewarudishia maji, watu wake wakamhesabia na chakula pia.

Maji yaliyokusanywa yalitosha msimu mmoja wa mpunga. Mpunga ukishavunwa, shamba lilelile lilipandwa ngano, kwa sababu ngano hupenda ukavu na huvumilia baridi. Kwa hiyo ngano ilikuwepo. Chumvi nayo ilikuwepo. Jua na mvua chache, vilivyomtesa mkulima wa mpunga, vilimfaa mtengeneza chumvi. Mwaka 1829, Kume Tsūken, msomi wa elimu ya nyota na uhandisi, alikamilisha mashamba makubwa ya chumvi hapo Sakaide, na kwa muda mrefu mji huo ulijulikana Japani nzima kwa chumvi yake. Mchuzi wa soya ulitoka kisiwa cha Shōdoshima, kinachoonekana kutoka Takamatsu. Huko wamekuwa wakiuchachusha kwa karne nne katika mapipa makubwa ya mbao, na mapipa mengine yanayotumika leo yana umri wa zaidi ya miaka 100.

Kiungo cha nne kitamfanya msikilizaji wa Unguja, Pemba au Mafia ainue kichwa. Ni dagaa. Nasema dagaa kwa maana yake kamili, dagaa wa baharini, wanaochemshwa kwenye maji ya chumvi mara tu wanapofika pwani, kisha wakakaushwa. Wajapani huwaita iriko, na wanaosifika zaidi hutoka kisiwa kidogo cha Ibuki, mbele ya mji wa Kan'onji. Majira ya kiangazi mashua hufuatana kutoka kwenye nyavu hadi kwenye vibanda vya kuchemshia vilivyojengwa ukingoni kabisa mwa maji, kwa sababu dagaa akichelewa tumbo hupasuka na ladha huharibika. Aliyewahi kusimama pwani ya Unguja kwenye majiko ya dagaa, mvuke ukipanda na chanja zikisubiri, angefika Ibuki akajua kila mtu anafanya nini bila ya kuelezwa. Tofauti huja jikoni. Mpishi wa udoni humtoa dagaa kichwa na tumbo, akaacha mwili tu ili supu isiwe chungu, akamlowesha pamoja na kipande cha mwani mkavu uitwao kombu, kisha akapasha maji polepole. Supu inayopatikana ni nyepesi, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea kidogo tu, lakini ukiinua bakuli harufu ya bahari inakujia kwanza. Huko Tokyo supu ya tambi ni nyeusi kwa mchuzi wa soya na hutegemea samaki aina ya jodari aliyekaushwa. Supu ya Sanuki ni ya dagaa, na mimi naamini hapo ndipo wageni wengi wanapoipita bila kuiona, maana wameambiwa wasikilize tambi tu.

Sasa tuingie kwenye tambi zenyewe. Unga wa ngano, chumvi, maji, basi. Hakuna yai wala mafuta. Kipimo cha chumvi hufuata majira, na mafundi wa zamani walikuwa na kanuni ya kukariri: kiangazi, kikombe kimoja cha chumvi kwa vitatu vya maji, wakati wa baridi, kimoja kwa sita, majira ya katikati, kimoja kwa vitano. Joto hulegeza donge la unga, chumvi hulikaza. Kwa hiyo fundi anapoamka jambo la kwanza ni kuangalia hali ya hewa, kama mvuvi.

Donge la udoni ni gumu kuliko la chapati au maandazi, gumu kiasi kwamba mikono hailiwezi. Likishashikana hufunikwa kwa karatasi ya plastiki, zamani ilikuwa mkeka, na mtu hupanda juu yake akalikanyaga kwa miguu. Hulikanyaga mpaka likawa bapa, akalikunja, akalikanyaga tena. Uzito wa mwili wote hupenya polepole na kuipanga ile nguvu ya ngano bila kuikatakata. Kisha donge hulazwa. Kulaza huku si kupoteza muda. Ni hapo ambapo maji husambaa na unga hutulia, na fundi asiye na subira atapata tambi zinazokatika. Baada ya hapo donge husukumwa kwa mpini mrefu wa mbao, hukunjwa, na kukatwa kwa kisu kipana. Tambi zilizokatwa vizuri zina kona nne zinazoonekana, na kona hizo hubaki hata baada ya kuchemshwa.

Zikichemka kwa dakika kumi hadi kumi na tano, hutolewa na kutumbukizwa kwenye maji baridi, zikasuguliwa kwa mikono kuondoa utelezi wa wanga. Baridi hiyo huzikaza. Mteja akitaka za moto huchovywa tena kwenye maji yanayochemka kwa nukta chache. Na hapa kuna jambo ambalo watu wa Kagawa hawalifichi: chakula hiki cha nchi kavu kinakunywa maji kwelikweli, ya kuchemshia na ya kuoshea. Tangu katikati ya miaka ya 1970 mkoa huo huletewa maji kutoka Mto Yoshino, upande wa pili wa milima, kwa mfereji na handaki refu. Mwaka 1994 ukame ulipopiga, maji ya bomba mjini Takamatsu yalitolewa kwa saa chache tu kwa siku. Watu wazima wa mji huo wanaukumbuka vizuri mwaka huo, na ndiyo maana sishangai kwamba pale kupoteza bakuli la udoni huonekana jambo baya.

Kuna kanuni rasmi pia. Mtu yeyote Japani anaweza kuandika "udoni wa Sanuki" kwenye paketi. Lakini akitaka kuandika kwamba ni udoni halisi wa Sanuki, zao maarufu la huko, lazima uwe umetengenezwa ndani ya mkoa wa Kagawa, kwa mkono au kwa njia inayofanana na mkono. Maji yasipungue asilimia 40 ya uzito wa unga, chumvi isipungue asilimia 3, donge lilazwe angalau saa mbili, na tambi ziweze kuiva sawasawa kwa dakika 15 hivi. Naipenda kanuni hii kwa sababu ya kile isichokitaja. Haisemi ngano itoke wapi.

Ngano ya udoni wa Sanuki, kwa sehemu kubwa, hutoka Australia. Mashamba ya ngano ya Kagawa yalipungua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na Waaustralia, hasa wa upande wa magharibi wa nchi yao, walikuza aina ya ngano inayofaa kwa tambi: nyeupe, laini, yenye mvutano. Mafundi waliikubali. Mkoa uliona uchungu, na taasisi yake ya utafiti wa kilimo ikaanza kuzalisha mbegu yake yenyewe. Iliyotoka ikaitwa Sanuki no Yume 2000, yaani Ndoto ya Sanuki. Ina harufu nzuri ya ngano na rangi ya manjano kidogo, lakini ilikuwa na tabia ya kukatika, na mafundi wengi walilalamika. Ikafuata nyingine iliyopewa namba 2009, iliyo rahisi zaidi kuitumia. Wapo wageni wanaovunjika moyo wakisikia habari ya Australia, wakaona kama wamedanganywa. Mimi sioni hivyo. Ngano hukaa ghalani mwaka mzima na kuvuka bahari bila kudhurika. Kisichovuka ni lile donge lililolazwa usiku wa jana, mkono uliolikata asubuhi ya leo, na dakika zile chache kati ya sufuria na mdomo. Kinachohitaji kuwa cha pale kiko pale.

Safari ya kuufuata udoni ni ya zamani. Katika mji wa Kotohira kuna hekalu mlimani, Kotohira-gū, ambalo watu huliita kwa mapenzi Konpira-san. Ni mahali pa kuombea mabaharia, na kwa karne nyingi wenye vyombo vya bahari kutoka pande zote za Japani walikwenda huko kuomba salama. Hadi jengo kuu kuna ngazi za mawe 785. Ukitaka kufika hekalu la ndani, jumla ni 1,368. Kuna mchoro kwenye pazia la kukunjwa, wa miaka ya mwisho ya karne ya kumi na saba na mwanzo wa kumi na nane, unaoonyesha sikukuu ya hekalu hilo na mtaa wa chini yake, na ndani ya umati ule wachunguzi wamehesabu maduka matatu ya udoni: mtu anakanda, mtu anakata. Mahujaji walikuwa wakila kabla ya kupanda au baada ya kushuka, kama wanavyofanya hivi leo. Kotohira ndiko pia kwenye shule ambapo mgeni hufundishwa kutengeneza udoni wake, kukanyaga donge kwa muziki, na kula alichokipika. Kwa watoto ni furaha tupu, na kwa mtu mzima ni njia ya haraka ya kumheshimu fundi.

Hadi mwaka 1988, aliyetoka kisiwa kikuu cha Honshu kwenda Kagawa alivuka kwa kivuko cha reli kutoka Uno hadi Takamatsu. Sitahani kulikuwa na kibanda cha udoni. Wanafunzi na vibarua waliokuwa wakirudi nyumbani walikuwa wakishuka treni, wakipanda kivuko na kukimbilia juu moja kwa moja, kula wamesimama, upepo wa bahari ukiwapiga. Wala haikuwa udoni bora wa mkoa. Lakini ilikuwa ladha ya kwanza ya kwao, nao walio na umri huo bado huisimulia. Tarehe 10 Aprili 1988 Daraja Kuu la Seto likafunguliwa, reli chini na barabara juu, likaunganisha Okayama na Sakaide, na kivuko cha reli kikaacha kazi. Leo treni kutoka Okayama hufika Takamatsu kwa muda wa saa moja hivi.

Daraja lilileta magari, na magari yalihitaji mtu wa kuyaelekeza. Alikuwepo mhariri wa jarida la mjini Takamatsu, Kazutoshi Tao, aliyeanza na wenzake kutafuta vijiduka vya udoni visivyo na bango, vilivyofichika nyuma ya mashamba ya mpunga na karakana, na kuandika habari zake kwa uchangamfu mkubwa. Mwaka 1993 makala hizo zikaanza kutoka kama vitabu. Vijana wakaanza kufanya ziara za udoni siku za mapumziko, gari moja watu wanne, maduka matatu au manne kabla ya saa saba. Mwandishi Haruki Murakami naye alikuwa amepita huko mwaka 1990, akaandika insha ya safari iliyolifanya duka la Nakamura, karibu na mji wa Marugame, lijulikane mbali. Hapo mteja aliyetaka vitunguu majani aliambiwa aende kuvichuma shambani nyuma ya nyumba. Mwaka 2006 ikatoka filamu iitwayo *Udon*, ya mwongozaji Katsuyuki Motohiro, mzaliwa wa Marugame. Na mwaka 2011 serikali ya mkoa ikatangaza kwa fahari kwamba Kagawa ni mkoa wa udoni, ikalifanya jina hilo tangazo lake kwa nchi nzima.

Ukifika, usitarajie hoteli ya vitambaa mezani. Maduka ni ya aina tatu, na aina ya kwanza ni mgahawa wa kawaida: unaketi, unaagiza, unaletewa. Mmoja wa kupendeza ni Waraya, chini ya kilima cha Yashima, katika nyumba ya kale ya kuezekwa kwa nyasi, ambapo familia huletewa udoni kwenye pipa la mbao na kila mtu akachovya kwenye kikombe chake.

Aina ya pili ni ya kujihudumia, na hii ndiyo inayomtisha mgeni bila sababu. Unachukua sinia. Unataja kiasi: fungu moja, mawili au matatu. Unapewa tambi kwenye bakuli. Katika maduka ya kizamani unapewa zikiwa baridi, pamoja na kichujio chenye mpini, nawe unazichovya mwenyewe kwenye maji yanayochemka, unazitikisa, unazirudisha kwenye bakuli. Unapita mbele ya vikaangwa, tempura ya mboga, ya samaki, ya yai, unachagua kimoja. Unalipa. Mbele kuna birika au bomba la supu ya moto, unafungua unajimiminia. Kuna vitunguu majani, tangawizi unayojisagia, na punje za unga uliokaangwa. Watu nyuma yako hawana hasira, lakini wana njaa, kwa hiyo amua mapema. Bakuli dogo bado hupatikana kwa yeni 300 hadi 400 katika maduka mengi, ingawa bei zimepanda miaka hii ya karibuni kama kila mahali.

Aina ya tatu ni viwanda vya tambi kama Hinode, ambako kula ni jambo la pembeni. Wengine huweka benchi mbili na meza. Huko Gamō, nje kidogo ya Sakaide, watu huchukua bakuli zao wakaketi nje kwenye mabenchi, macho yakitazama mashamba ya mpunga na vilima vya mviringo vya Sanuki. Huko Yamagoe, mjini Ayagawa, ndiko kulikotokea mtindo ulioenea Japani nzima wa kuchukua tambi moja kwa moja kutoka sufuria, zikiwa na moto wake wote, zikavunjiwa yai bichi na kutiwa tone la mchuzi wa soya. Yai hushikana na tambi likawa kama rojo. Mtu wetu anaweza kusita mbele ya yai bichi, na ana haki. Mayai ya Japani hushughulikiwa kwa kuliwa hivyo.

Utakapoketi utasikia sauti. Watu huvuta tambi kwa sauti, bila haya, na hakuna anayegeuka. Sisi tulifundishwa kwamba kula hivyo ni utovu wa adabu, lakini huko ni kawaida, na pia husaidia kupoza tambi ili uzile zikiwa bado na ukali wake. Wazee wa Kagawa huenda mbali zaidi: hawatafuni sana, humeza, wakisema utamu wa udoni unaupata kooni. Mgeni asijilazimishe. Ila aketi, ale, ainuke. Dakika kumi na tano zinatosha, na kiti kinahitajika.

Kwa wasikilizaji wetu Waislamu niongeze hili. Bakuli la kawaida la udoni wa Sanuki halina nguruwe. Supu ni ya dagaa na mwani. Lakini jikoni nyingi hutia kwenye mchuzi mirin, kileo kitamu cha mchele cha kupikia, na mafuta ya kukaangia vitafunio huenda yamepita kitu kingine. Yafaa kuuliza kabla ya kuagiza. Watu wa maduka haya ni wakarimu na hawachukizwi na swali.

Udoni nao umetembea, kwa namna yake. Kampuni za mkoa huo ziligundua njia ya kugandisha tambi zilizokwisha kuchemshwa, na tambi hizo za barafu ni nzuri kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu baridi kali husimamisha saa. Kuna pia msururu mkubwa wa migahawa, Marugame Seimen, ulioanza mwaka 2000, ambao sasa una matawi hadi Hawaii na London. Jina ni la mji wa Kagawa, lakini duka lake la kwanza lilikuwa Kakogawa, mkoa wa Hyōgo, ng'ambo ya bahari. Siwalaumu. Kila tawi lina mashine ya tambi mbele ya macho ya wateja, na hilo linaonyesha kwamba waliielewa shida yenyewe: kama tambi haisafiri, safirisha jiko.

Kinachonitia wasiwasi ni vile vijiduka vya mashambani. Fundi anaamka saa nane au tisa za usiku, anakanyaga donge, anawasha moto, anauza kwa bei ya chini mpaka mchana, kisha anaanza kulaza donge la kesho. Wengi ni wazee, watoto wao wamekwenda mijini, na kila mwaka kuna mlango unaofungwa usifunguliwe tena. Foleni ya watalii haiwezi kuponya jambo hilo, na pengine humchosha zaidi yule mzee. Kwa hiyo naomba hivi kwa wanaokwenda: msiyaendee maduka matatu maarufu tu. Pandeni treni ndogo ya Kotoden, ile ya kutoka Takamatsu hadi Kotohira, shukeni kituo chochote, muulizeni mwenyeji anakula wapi. Ana jibu, na kwa kawaida atakuelekeza mwenyewe kwa furaha. Huko Kotohira kuna hata teksi za udoni, zenye bakuli la mfano juu ya paa, na madereva wake hufanya mtihani wa kuandika na wa kutengeneza tambi kwa mikono kabla ya kupewa kazi hiyo.

Tena mji wa Takamatsu umeonyesha kwamba unajali. Tangu 2012 kuna mradi wa kukusanya tambi zilizobaki na zilizoharibika kutoka viwandani na madukani, zikachachushwa kutoa gesi ya kuzalisha umeme, na mabaki yake yakarudi mashambani kama mbolea ya ngano.

Wakati mzuri wa kwenda? Udoni upo mwaka mzima. Siku za baridi kuna bakuli la mboga za mizizi zilizopikwa pamoja na supu, linaloshibisha kweli. Lakini ukiweza, nenda mwanzoni mwa Julai. Zamani, kazi ya kupandikiza mpunga ilipomalizika, siku ya kumi na moja baada ya jua kufika kilele cha kiangazi, wenye mashamba walipika udoni wa ngano mpya kuwashukuru waliowasaidia. Mwaka 1980 chama cha watengeneza tambi cha Kagawa kiliichagua tarehe 2 Julai kuwa Siku ya Udoni.

Siku ya kwanza, popote utakapoingia, agiza fungu moja tu, la moto, kwa supu ya dagaa na vitunguu majani, bila kikaangwa. Lile, ulipe, utoke. Bado una maduka mawili mbele yako, na yote yatakuwa yamefunga kabla ya saa nane mchana.